Fizi za damu, sukari na tansiyo: bakteria wa kinywani wanahusika kiasi gani?

RekoBirere (Goma)

Aksanti kwa wote wa humu. Nina swali lenye vipande vinne. Wa meno, wa labo na wa farmasi, tafadhali msinizungushe.

Tunaandaa mazungumzo ya afya na kikundi cha wagonjwa wa sukari na wa tansiyo (shinikizo la damu), Birere na Majengo. Kila tukigusa habari ya meno tunakwama pale pale.

1) Fizi zikitoka damu, wengi wanaacha kupiga mswaki mpaka damu ikome. Wengine wananunua dawa ya kusukutua na kuitumia miezi mfululizo kwa kuwa kwenye chupa imeandikwa inaua mikrobi. Wengine wanameza Flagyl (antibiotiki) siku mbili, maumivu yakishuka wanaacha.

2) Kuna sauti inazunguka WhatsApp: eti bakteria wa kinywani ndio wanaoleta sukari, ugonjwa wa moyo, kansa ya utumbo, usahaulifu wa uzeeni na watoto kuzaliwa kabla ya siku. Kipi kina uhakika, kipi kimetiwa chumvi?

3) Makala (makaa) au chumvi badala ya dawa ya meno: inafaa?

4) Watoto wanaokunywa maji ya mvua: meno ya mbele yanaota na madoa ya kahawia, wazazi wanasema yameliwa na mikrobi.

DantistiIbanda (Bukavu)

Yaya Reko, nianze na damu, maana hapo ndipo watu wanapojiumiza wenyewe.

Fizi nzima haitoki damu kwa kuguswa na mswaki laini. Ikitoka, ujue ukoga (utando wa bakteria unaonata kwenye meno) umekaa ukingoni mwa fizi siku nyingi na mwili unapambana nao. Ukiacha mswaki, ukoga unazidi, uvimbe unazidi, damu nayo inazidi. Mwaka 1965 huko Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote fizi zilikuwa zimevimba. Walipourudia mswaki, zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Wapeni watu habari hiyo kabla ya kitu kingine chochote, inatosha kuliko mabango.

Kwa ndani mambo yako hivi. Kinywani mwa binadamu zimetambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria, na kila mtu anabeba sehemu ya hizo. Saa chache tu baada ya kusafisha, streptokoki wa kawaida kama *Streptococcus sanguinis* na *S. mitis* wanashika jino. Hao si maadui, wanakalia nafasi ambayo wabaya wangeitaka. Ukoga ukiachwa unakuwa mnene na oksijeni haifiki chini. *Fusobacterium nucleatum* anashikamana na wa kwanza na kuwapokea wanaofuata, mpaka wanaingia *Porphyromonas gingivalis*, *Tannerella forsythia* na *Treponema denticola*. Hawa watatu wanaishi kwa protini zinazovuja kwenye fizi iliyovimba. Uvimbe unawalisha, nao wanauchochea, na mwisho mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa. Dawa ya kusukutua haifiki kule chini. Utando ule unataka kuvunjwa kwa mkono, kila siku, kabla haujakomaa.

Namna ya kupiga mswaki: nywele laini, zilazwe kwa pembe ya nyuzi 45 zikielekea fizi, nusu kwenye jino, nusu kwenye ukingo wa fizi. Meno mawili matatu kwa zamu, tikisa kidogo kidogo mara kama kumi, kisha telezesha kuelekea upande wa kutafunia. Dakika mbili nzima, mara mbili kwa siku. Zamu ya usiku ndiyo isiyokosekana, kwa sababu usingizini mate yanapungua sana, na mate ndiyo yanayoosha na kupunguza asidi. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, floridi (madini ya kwenye dawa ya meno yanayokinga jino) ibaki kwenye meno. Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni upande wa ndani wa meno ya chini ya mbele, ule unaogusana na ulimi. Mifereji ya mate inamwagika hapo, na jiwe la meno linaanzia hapo.

Damu itaendelea kutoka siku za kwanza. Mkono uwe mwepesi, lakini usiache. Wiki mbili zikipita na bado inatoka, mara nyingi kuna jiwe. Ukoga unaanza kugeuka jiwe ndani ya siku chache, na likishakuwa gumu haliondoki kwa mswaki, wala makala, wala ndimu (ndimu inayeyusha enameli, gamba gumu la nje la jino, na kuliacha jiwe lilivyo). Dawa yake ni detartraji, yaani dantisti kulikwangua jiwe.

Flagyl ya siku mbili ni kupoteza pesa. Bakteria waliojificha ndani ya utando wanavumilia dozi ambayo ingewaua wakiwa wanaelea. Maumivu yanashuka, jiwe liko pale pale, baada ya muda yanarudi, na safari hiyo mikrobi wanaweza kuwa wameshaizoea dawa.

Makala: inakwaruza enameli, na zaidi shingo ya jino pale fizi iliposhuka, ambapo hakuna enameli ya kukinga. Vipande vyeusi vinabaki chini ya fizi na kuichokoza. Na haina floridi. Meno yanaonekana meupe kwa sababu yamesuguliwa, basi.

LaboKatuba (Lubumbashi)

Nakubali yote, Docta, ila watu wa meno huwa mnausahau ulimi.

Lenga-lenga na mboga nyingine za majani zina nitrati nyingi. Ukizila, nitrati inaingia kwenye damu, tezi za mate zinaikusanya na kuirudisha kinywani. Kuigeuza kuwa nitriti, mwili wetu unawategemea bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi: *Veillonella*, *Actinomyces*, *Rothia*, *Neisseria*. Unameza mate, nitriti inageuka oksidi ya nitriki, na hiyo inalegeza mishipa ya damu. Sasa mgonjwa wa tansiyo anayesukutua klorheksidini (dawa ya kusukutua inayoua bakteria) asubuhi na jioni anawafagia hao hao. Kwenye jaribio la watu wazima wenye afya, wiki moja ya klorheksidini ilipandisha tansiyo kwa 2 hadi 3.5 mmHg. Si kiasi cha kumtia mtu hofu. Lakini mgonjwa wako amenunua komprime za kushusha, halafu ananunua na chupa ya kupandisha. Ya nini?

Upande wa chakula: lenga-lenga ikichemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, nitrati nyingi inakwenda na maji. Ipikwe kwa maji machache. Sombe (majani ya mhogo) isiguswe kanuni yake: itwangwe, ichemshwe muda mrefu kama mama zetu wanavyofanya, kwa sababu ya sianidi. Nasema hivi kwa kuwa lazima atatokea mtu wa kuniambia sombe mbichi-mbichi ni nzuri kwa tansiyo.

Ile sauti ya WhatsApp imechanganya vitu vya uzito tofauti.

Sukari: uhusiano ni kweli, na ni njia mbili. Docta ataeleza.

Moyo: mambo mawili yamefungwa pamoja. Kwanza mishipa kuziba. Wenye ugonjwa wa fizi wanapata zaidi magonjwa ya mishipa, hata ukiondoa hesabu ya sigara na umri. Chama cha moyo cha Marekani kilikiri uhusiano huo mwaka 2012, lakini kikasema hakuna ushahidi kwamba kutibu fizi kunazuia shambulio la moyo. Pili ni vali za moyo (milango yake ya damu): bakteria wa kinywani wanaweza kuzishambulia, na hapo hakuna ubishi.

Kansa ya utumbo mpana: tangu 2012 *Fusobacterium nucleatum* anakutwa zaidi ndani ya uvimbe wa kansa hiyo kuliko kwenye utumbo wa kawaida. Kukutwa mahali si ushahidi kwamba ndiye aliyewasha moto. Msiwatishe watu.

Usahaulifu: mwaka 2019 kulitoka kazi iliyoonyesha alama za *P. gingivalis* kwenye ubongo wa watu waliokufa na Alzheimer. Ikatengenezwa dawa ya kuzuia vimeng'enya vyake, na matokeo yake mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba inapunguza kasi ya ugonjwa. Hapo sauti imetiwa chumvi gunia zima.

Kuzaa kabla ya siku: uhusiano upo, lakini jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa 2006, ambapo wajawazito walitibiwa fizi, halikupunguza uzazi wa mapema. Lilionyesha pia kwamba matibabu hayo hayana hatari kwa mimba. Kwa hiyo mama mjamzito mwenye fizi za damu atibiwe kwa ajili ya meno yake mwenyewe, asiambiwe asubiri ajifungue.

FarmasiHimbi (Goma)

Papa Labo, usiifukuze klorheksidini kabisa, watu watakusikia nusu nusu. Ina kazi yake: baada ya kung'oa jino au upasuaji wa kinywani, kwenye fizi zenye vidonda vinavyooza, kwa mgonjwa aliyelala asiyeweza kushika mswaki. Ya 0.2% ni mililita 10 kwa dakika moja, ya 0.12% ni mililita 15 kwa nusu dakika. Mara mbili kwa siku, wiki mbili zisipite. Ikipita hapo, meno na ulimi vinaanza kuwa na rangi ya kahawia na chakula kinapoteza ladha. Chai na kahawa zinaharakisha rangi hiyo.

Kosa la kila siku ni kusukutua mara tu baada ya mswaki. Kile kinacholeta povu kwenye dawa ya meno kinaifunga klorheksidini na kuilaza. Acha nusu saa ipite.

Na msome chupa vizuri. Klorheksidini ya kusafisha ngozi na vidonda ni kali zaidi, na jeli ya 7.1% ni ya kitovu cha mtoto mchanga. Zote hizo hazina ruhusa kinywani, na ile ya kitovu ikiingia jichoni inaharibu jicho.

Flagyl: hakuna pombe wakati wa dozi wala siku tatu baada yake. Mtu mwenye vali bandia anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande) asiimeze kabisa bila daktari wake kujua, kwa sababu inaongeza nguvu ya warfarini na mtu anaweza kuvuja damu ndani.

Maji ya chumvi hayana shida: nusu kijiko kidogo kwenye glasi ya mililita 250 ya maji vuguvugu, sukutua, tema. Yanatuliza fizi. Hayachukui nafasi ya mswaki, na wa tansiyo wasiyameze.

DantistiIbanda (Bukavu)

Mama Farmasi, hapo hatugombani.

Sukari sasa. Sukari ikiwa juu, kinga inalegea na vidonda vinachelewa kupona, kwa hiyo mfupa wa meno unaliwa haraka. Upande wa pili, fizi iliyovimba mdomo mzima ni kidonda kikubwa kilichojificha. Kemikali za uvimbe zinaingia kwenye damu na kuifanya insulini isisikilizwe. Majaribio yakijumlishwa, kusafisha jiwe hadi chini ya fizi kunashusha HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu) kwa takriban alama 0.4 za asilimia baada ya miezi 3 hadi 4: mfano kutoka 8.4% hadi 8.0%. Haichukui nafasi ya komprime wala insulini, ila ni punguzo ambalo daktari wa sukari hawezi kulidharau. Mgonjwa aje asubuhi, awe amekula na kumeza dawa zake kama kawaida, na aje na kipimo chake cha mwisho. Kuja na njaa "kwa sababu ya sindano" ndiko kunakowaangusha kwenye kiti.

Kwa kikundi chako cha tansiyo kuna jambo ambalo karibu halisemwi. Nifedipini, na kwa kiasi kidogo zaidi amlodipini, inaweza kufanya fizi zinenepe na kupanda juu ya meno, hasa palipo na ukoga. Mgonjwa anadhani ni uvimbe mbaya, au anaacha komprime. Asiache. Asafishwe meno, na daktari aliyemwandikia aambiwe. Dawa za kubadilisha zipo.

Vali: ukipiga mswaki au ukitafuna na fizi zenye uvimbe, bakteria kidogo wanaingia kwenye damu, na kwa mwenye moyo wenye afya kinga ya mwili inawamaliza. Vali iliyoharibika au ya bandia inawapa mahali pa kushika, na maambukizi hayo ndiyo endokarditi. Kwetu vali nyingi zimeharibiwa na rumatismu ya moyo, inayoanza na koo la streptokoki lisilotibiwa. Huyo ni *S. pyogenes*, mikrobi tofauti na hawa wa kwenye meno. Kabla ya kung'oa jino au detartraji, mwenye vali bandia, aliyewahi kupata endokarditi, au mwenye kasoro fulani za moyo za kuzaliwa anapewa amoksisilini gramu 2 (mtoto miligramu 50 kwa kilo), dozi moja, dakika 30 hadi 60 kabla. Mwenye rumatismu bila vali bandia, daktari wa moyo aamue. Wengine wote, hapana. Na usisubiri uulizwe: ukipanda kwenye kiti cha dantisti, sema kwanza habari ya moyo wako.

MajiNaMawe (Goma)

Najibu la nne tu. Madoa yale kwa kawaida hayahusiani na mikrobi. Moshi wa Nyiragongo una floridi, mvua inaiosha na kuishusha kwenye mabati na sitèrne (matangi ya maji). Maji ya mvua upande wa volkano yamepimwa na kukutwa juu ya 1.5 mg kwa lita, kiwango cha mwisho cha OMS (Shirika la Afya Duniani). Mtoto akinywa hayo wakati enameli inajengwa chini ya fizi, hadi miaka kama 8, jino linaota likiwa na mistari meupe au madoa ya kahawia, mara nyingi sawasawa kushoto na kulia. Hilo la kulia na kushoto ndilo la kuangalia: tundu la kuoza halina ulinganifu, linaanza kwenye mifereji ya magego au kati ya meno, na ni laini ukiligusa.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki, kwa hiyo inazidi kuwa kali. Klorini nayo haiigusi. Kinachosaidia ni kubadilisha chanzo kwa maji ya kunywa na ya kupikia uji wa mtoto. Ya mvua yabaki ya kufulia na kuogea. Mkitaka uhakika, pelekeni chupa ya plastiki safi, si ya kioo, kwenye labo inayopima floridi.

RekoBirere (Goma)

Kwa hiyo mtoto wa huku asitumie kabisa dawa ya meno yenye floridi?

DantistiIbanda (Bukavu)

Atumie. Ile ya kwenye mswaki inafanya kazi juu ya jino. Ile inayomezwa ndiyo inayoleta madoa. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Mzazi aishike tube mwenyewe na mtoto ateme. Kwenye tube tafuta floridi ya 1000 hadi 1500 ppm. Tundu linaletwa na sukari ya mara kwa mara: *Streptococcus mutans* anaigeuza asidi, ndani ya dakika chache pH (kipimo cha asidi) kwenye ukoga inashuka chini ya 5.5, enameli inaanza kutoa madini, na mate yanachukua nusu saa hadi saa nzima kuirudisha. Mtoto anayenyonya chupa ya chai ya sukari kidogo kidogo kutwa nzima hayapi mate nafasi hiyo. Sukari ile ile akiimaliza pamoja na chakula, hasara ni ndogo zaidi.

MuuguziKadutu (Bukavu)

Reko, kwenye mazungumzo yenu msiiache noma, ugonjwa unaoozesha kinywa na uso. OMS iliiweka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa Desemba 2023. Inawapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua au malaria. Bakteria ni wa kinywani mle mle. Kinga ikianguka, wanageuka. Haiambukizi, na si uchawi.

Alama ya mapema: fizi inatoka damu yenyewe bila kuguswa, vilele vya fizi kati ya meno vinaoza na kuwa na utando wa kijivu, harufu kali mno, mtoto anadondosha mate na kukataa bugali. Hapo bado inatibika vizuri kwa amoksisilini na metronidazoli (ndiyo Flagyl), kusafisha kinywa kwa klorheksidini 0.2% (kwa gozi, maana mtoto mdogo hajui kusukutua), chakula chenye protini na vitamini A. Dozi ipimwe kwa kilo kwenye kituo cha afya. Shavu likianza kuvimba, hesabu ni ya siku, si ya wiki: nyama inakuwa nyeusi na kutoboka. Bila matibabu, hadi 90% wanakufa. Kila mtoto mnayempima mkono kwa utapiamlo, inueni na mdomo wa juu mwangalie fizi. Ni sekunde kumi.

RekoBirere (Goma)

Aksanti mno, Mama Muuguzi. La mwisho: nyumba nyingi zina mswaki mmoja kwa watoto wote. Tuseme nini?

DantistiIbanda (Bukavu)

Kila mtu wake, hasa palipo na fizi za damu, kwa sababu hepatiti B inapita kwenye damu hiyo. Ukikosekana kabisa, kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni na dawa ya meno kidogo ni bora kuliko kuazimana. Wekeni alama ya uzi wa rangi kwenye kila mpini. Baada ya kutumia, suuza, simamisha kichwa juu, ukauke kwa hewa. Kuufungia kwenye mfuko wa plastiki ukiwa mbichi ni kuotesha mikrobi. Badilisha nywele zikishalala pembeni, miezi mitatu hivi. Zikilala ndani ya mwezi mmoja, mkono ni mzito mno.